Mji Usio na Mlio

Lucinda Mabry alikuwa amechoka na majiko ya watu. Kila Jumapili baada ya ibada, saa ambayo zamani angekuwa nyumbani kwa dada yake Bernadine akimenya viazi na kuwasengenya waumini, alijikuta amesimama kwenye jiko la mtu asiyemjua, amevalishwa vimfuko vya plastiki juu ya viatu asichafue sakafu, anaonyeshwa droo zinazojifunga zenyewe. Droo zilijifunga. Yeye aliitikia kwa kichwa, akasema ni nzuri, kisha akachungulia dirishani kumtafuta mumewe.

Harlan hakuwa na habari na droo. Alikuwa uani, katikati ya nyasi za watu, amefumba macho na kuinua kidevu, anasikiliza.

Ndivyo walivyokuwa wakitafuta mji tangu baridi ilipoisha. Wengine wakitaka kuhama jijini huuliza habari za shule, kodi na umbali wa duka. Harlan alikuwa na swali moja tu, nalo ni kama mahali hapo pana kelele. Alikuwa ameendesha treni ya juu ya Philadelphia karibu miaka thelathini, ile inayopita usawa wa madirisha ya ghorofa ya pili ya watu, na nyumba yao yenyewe ilikuwa mtaa mmoja tu kutoka kwenye reli hiyohiyo. Mtu anashuka kazini, anakwenda kulala chini ya kazi. Alipostaafu wenzake walimpa keki na saa ya ukutani. Saa aliitoa betri siku hiyohiyo kwa sababu ilikuwa ikigonga, akasema hana haja na zawadi ila anataka kuishi mahali pakimya kabla hajafa.

Lucinda hakuwa na haja ya ukimya hata kidogo. Alizaliwa mtaa ule, na mtaa ule ulikuwa na mdomo. Wakati wa joto watu walikaa kwenye ngazi za mbele mpaka usiku, wakizozana kutoka nyumba hadi nyumba. Wakati wa theluji walizozania viti vya jikoni walivyoviweka barabarani kushikia nafasi za magari yao. Bernadine alikaa nyumba ya nne upande uleule. Coral, mdogo wao, alikaa ng'ambo, na akitaka chumvi hakupiga simu, alifungua dirisha akaita. Na pale pembeni palikuwa na saluni ambamo Lucinda alikuwa na kiti chake, na wanawake ambao vichwa vyao alivijua kuliko waume zao walivyovijua. Maisha yake yote yalikuwa ndani ya mwendo ambao angeutembea na ndara.

Lakini alimtaka mumewe. Hilo ndilo lililomtoa. Harlan aliyemwoa alikuwa mchekeshaji wa meza, mtu wa kuigiza abiria wake mmoja mmoja, mara mlevi wa alfajiri, mara bibi mwenye paka ndani ya mkoba, mpaka Coral anatoka mezani mbio asije akajikojolea. Huyo alikuwa amepotea kidogo kidogo bila mtu kujua siku aliyoondoka. Aliyebaki alichukua sahani yake akaenda kula peke yake chumba cha chini. Bernadine akicheka, alishika kichwa. Lucinda akikoroga chai, alimwambia kwa ukali aache kugonga kikombe. Usiku hakulala, mchana hakusikia anachoambiwa, na ukirudia maneno alikasirika kwamba unampigia kelele.

Bernadine, ambaye hakuumbwa kuficha mawazo, alisema shemeji yake hana ugonjwa wa kelele, ana ugonjwa wa watu.

"Basi nitampeleka mahali ambapo hakuna kelele wala watu," Lucinda alimjibu. "Akiwa bado hivyo hivyo, nitamrudisha kwako umpige."

"Mlete tu. Mkono wangu hauna kazi."

Walicheka, lakini Bernadine hakuliuliza tena jambo hilo, na Lucinda alijua maana yake. Dada yake alikuwa ameanza kumuaga kabla hajaondoka.

Dalali wao aliitwa Trudy Kessler, mwanamke wa makamo mwenye gari safi kupita kiasi na subira ya mtu anayelipwa kwa asilimia. Aliwapeleka kila mji uliolizunguka jiji. Mji wa kwanza ulikuwa na miti mizuri, ila wenyeji wake walikuwa na zile mashine za mgongoni za kupeperushia majani, na walizitumia kana kwamba jani moja likilala chini usiku mji utavunjika. Wa pili ulikuwa na ziwa na bata bukini. Bata wale walibishana tangu walipofika mpaka walipoondoka, na Lucinda aliwapenda kwa sababu walimkumbusha nyumbani, lakini Harlan hakutoka hata kwenye gari. Wa tatu ulikuwa karibu na barabara kuu. Wa nne ulikuwa na mbwa.

Kisha ikaanza miji ambayo haikuwa na kitu. Hapo ndipo uchovu wenyewe ulipomwingia Lucinda. Wangefika kwenye nyumba safi, barabara inayoishia hapohapo, hakuna gari wala bata wala mbwa, na Harlan angesimama uani akafumba macho, kisha angetikisa kichwa.

"Kuna mlio," angesema. "Mwembamba hivi. Ni zile waya."

Bi Trudy angetazama nguzo ya umeme. Angesema hasikii kitu, kisha kwa kuwa ni mfanyabiashara angeongeza kwamba bila shaka masikio ya Bwana Mabry ni makali kuliko yake. Safari moja aligonga mlango wa jirani kuuliza, na jirani, mzee aliyeshika mkasi wa kukatia ua, aliapa kwamba amekaa pale tangu ujana wake na mlio pekee aujuao ni wa mkewe. Harlan hakucheka. Alisema mtu akikaa na kitu muda mrefu haoni tena kama kipo.

Ikawa mji mmoja ni waya, mwingine ni pampu ya bwawa la kuogelea la jirani, mwingine ni mtambo fulani wa simu ambao hata hauonekani. Lucinda alikuwa akisikiliza mpaka shingo inamuuma. Alisikia ndege. Alisikia tumbo la Bi Trudy. Mlio hakuusikia, lakini yeye si aliyekaa miaka yote ile ndani ya chumba cha dereva, akijua kwa sikio tu kama gurudumu lina kasoro. Akaamini kwamba mumewe anasikia vitu ambavyo watu wa kawaida hawavisikii.

Mwezi wa Juni walikwenda Millard's Glen. Ilikuwa nyumba ya tatu siku hiyo, bafu lake la rangi ya waridi kuanzia sakafu mpaka dari, na joto lilikuwa limemvimbisha Lucinda miguu mpaka vile vimfuko vya plastiki vikambana. Bernadine alikuwa amempigia simu asubuhi kumwambia kwamba siku hiyo atapika mbavu, na kwamba hatasubiri mtu. Harlan alitoka uani, akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye kona ya ua.

"Hapa," alisema. "Simama hapa. Sasa sikiliza. Unasikia?"

Alimtazama. Uso wake ulikuwa unaomba. Lucinda alikuwa na njaa, miguu inamwaka moto, na alijua kwamba akisema hapana watasimama pale nusu saa nyingine wakisikiliza.

"Kidogo," alisema.

Harlan alishusha pumzi ndefu. Alimshukuru, kweli alimshukuru kwa mdomo, jambo ambalo hakuwa amelifanya mwaka mzima, akamwambia Bi Trudy kwamba hata mkewe amesikia, basi waondoke. Njiani alikuwa mchangamfu. Walifika kwa Bernadine mbavu zikiwa bado moto, na Lucinda alikula bila kukifikiria tena kile alichokisema. Ni neno dogo ambalo mke yeyote angelisema.

Penhollow waliifikia mwezi wa Agosti. Bi Trudy alikuwa amewaambia waziwazi kwamba baada ya hapo anakwenda likizo. Ilikuwa Jumapili ya kutazama nyumba, siku ambayo mwenye nyumba huondoka na mbwa wake na picha zake za familia, na dalali wake huacha mlango wazi aingie yeyote. Wauzaji wa nyumba ile walijua kazi yao. Biskuti zilikuwa zinaokwa kwenye oveni ili nyumba inukie utoto. Muziki wa kinanda ulipigwa taratibu kwenye kila chumba, hujui unatoka wapi. Feni zilizunguka darini. Uani waliweka chemchemi ya jiwe, maji yanamwagika kutoka bakuli hadi bakuli, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi ili sauti ya maji iingie ndani.

Harlan alitoka uani kama kawaida yake. Alisimama karibu na chemchemi, akafumba macho. Lucinda alimtazama kupitia dirisha la jiko la saba, au la sabini, hakukumbuka tena, akisubiri kichwa kitikisike.

Hakikutikisika. Mabega ya Harlan yalishuka. Alikaa vile muda mrefu mpaka mtu mwingine aliyekuja kutazama nyumba akamwuliza kama yuko salama.

"Hapa," alimwambia mkewe alipoingia ndani. "Hapa nimetulia."

Kwenye gari alimwigiza Bi Trudy, sauti na yote, akiuza jengo la choo cha nje kwa bei ya kasri. Lucinda alicheka mpaka akalia, na kilio chake kilikuwa cha kweli kuliko kicheko. Jioni ile Harlan alikaa mezani kwa Bernadine, akala, akaomba ya pili, akamwambia shemeji yake kwamba nyama yake ni ngumu kama moyo wake. Bernadine alimpiga na taulo la jikoni. Halafu alimtazama Lucinda juu ya vichwa vya watu wote, na macho yake yalisema basi, nenda.

Kwa hiyo wakaenda. Mambo ya kununua nyumba hayana hadithi, ni kusaini na kungoja. Nyumba ya jijini walimwuzia kijana mmoja na mkewe mjamzito, ambao walipoonyeshwa treni inavyopita walisema inapendeza. Lucinda alimwachia kiti chake cha saluni binti aliyekuwa akimsaidia kuosha vichwa. Wateja wake walimfanyia tafrija, wakalia, na wakati huohuo walikuwa wakimwuliza yule binti ana nafasi lini. Coral alikuja kufunga masanduku. Bernadine alikuja siku ya mwisho, akasimama mlangoni, akasema sanduku la vyombo limefungwa vibaya, akalifungua akalifunga upya, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi ya kusaini ilikuwa ya Novemba, mbingu za kijivu. Kule desturi ni kwamba kabla ya kwenda kusaini, mnunuzi hupita mara ya mwisho ndani ya nyumba tupu, akafungua mabomba, akawasha taa, akaangalia kama wauzaji hawakung'oa kitu. Ukiwa na neno, hapo ndipo pa kulisema, maana kalamu ikishagusa karatasi shida zote ni zako. Bi Trudy aliwafungulia mlango, akawaambia wasiwe na haraka ila wasichelewe, akarudi kwenye gari kupiga simu. Lori lenye vitu vyao lilikuwa limeegeshwa mbele. Funguo za nyumba ya jijini walikuwa wamezikabidhi jana yake.

Nyumba ilikuwa tupu. Haikunukia biskuti, ilinukia rangi na zulia lililooshwa. Hakukuwa na muziki. Chemchemi ya uani wauzaji waliondoka nayo, pamebaki duara la udongo mweusi kwenye nyasi. Lucinda alipanda juu kupima dirisha la chumba cha kulala kwa ajili ya pazia, na alipokuwa amesimama pale na futi yake ukimya ulimfikia. Hapakuwa na mtu anayeita mtu. Alijaribu kufikiria Januari mahali hapa, yeye na dirisha hili, akaona ni afadhali asifikirie. Alijikumbusha Agosti. Alijikumbusha mezani kwa Bernadine.

Chini alimsikia Harlan akitembea. Alitembea kutoka chumba hadi chumba, akasimama, akatembea tena. Mlango wa friji waliyoachiwa na wauzaji ulifunguliwa, kisha mngurumo wa friji ukakatika. Baada ya hapo mtambo wa kupasha joto nao ukanyamaza. Lucinda alidhani anavijaribu kama vinafanya kazi, mpaka taa ya chumbani ikazimika, na ya ukumbini, na nyumba nzima.

"Harlan?"

 Lucinda alishuka zile ngazi zisizo na dirisha akipapasa ukuta, akaona mlango wa chumba cha chini uko wazi na mwanga hafifu wa simu unatoka huko. Harlan alikuwa amesimama mbele ya boksi la umeme, mkono bado uko kwenye swichi kuu.

"Mbona umezima?"

"Nimezima kila kitu," alisema. "Friji, mtambo, kila kitu. Nyamaza kwanza, mama. Sikiliza."

Alisikiliza. Katika maisha yake hakuwahi kuwa mahali pakimya kama pale. Alisikia damu yake mwenyewe ikipita, basi.

"Unasikia?" Harlan aliuliza.

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuja lenyewe, lile lile la Juni, na lingekuwa jepesi kulisema. Wangewasha taa, wangemwita fundi, fundi angetafuta waya, na wangesaini. Lucinda alimtazama mumewe katika ule mwanga wa simu. Uso ulikuwa umelowa jasho, na nyumba ilikuwa imeanza kupoa.

"Hapana," alisema.

"Sikiliza vizuri. Huko juu, mwembamba. Haukatiki."

"Harlan, sisikii kitu. Hakuna kitu."

 Harlan alifanya jambo ambalo lilimuuma Lucinda kuliko yote yaliyofuata. Aliweka simu juu ya boksi, akaingiza vidole viwili masikioni, akavikandamiza, akasimama vile, mtu mzima, anasubiri. Alivitoa. Akaviingiza tena. Alipovitoa mara ya pili alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa, polepole, akishika ukingo.

"Upo palepale," alisema.

Lucinda alibaki amesimama. Alijua anapaswa kwenda kumshika, na hakwenda.

"Lakini wewe uliusikia," Harlan alisema. "Kule Millard's Glen. Kwenye ile kona."

"Sikuusikia."

"Ulisema kidogo."

"Nilidanganya. Miguu iliniuma, nilikuwa na njaa. Nilitaka twende nyumbani."

Harlan alitikisa kichwa taratibu, bila hasira, kama mtu anayeelezwa njia na kugundua kwamba aliyoishika siyo.

"Mimi nimeishikilia hiyo kidogo yako tangu Juni," alisema. "Kila nikianza kuogopa, najiambia hapana, Lucinda naye alisikia. Uko nje. Ni wa dunia."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Sikujua. Ukiwa kwenye treni huwezi kujua kinacholia ni gari au ni wewe. Niliposhuka ukaendelea, nikasema ni mtaa. Tulipokwenda kwenye miji, nikasema ni waya. Hapa, Agosti, yale maji na muziki viliufunika, nikasema umekwisha." Alijifuta uso na kiganja. "Nilikuwa naomba iwe waya, mama."

Hapo ndipo hasira ilipompata Lucinda, na alimwambia yote. Alimwambia amewaacha dada zake, ambao mmoja hata hakumuaga. Amewaacha wanawake wake, ametoa kiti alichokikalia tangu ana miaka ishirini na mitatu, ameuza nyumba aliyozaliwa, amekuja kukaa kwenye barabara ambayo hata paka hapiti, ili yeye apate kimya. Na kumbe kelele yenyewe wameibeba wenyewe, imekaa kiti cha mbele cha gari, imefunga mkanda. Alimwuliza kwa nini hakwenda kwa daktari kama mtu mwenye akili. Sauti yake ilipiga kuta za saruji na kumrudia, na Harlan aliinama chini yake bila kushika kichwa, akaipokea yote. Hilo ndilo lililomnyamazisha. Alizoea kumwona akijikinga.

Juu mlango ulifunguliwa. Bi Trudy aliita kutoka jikoni, akauliza kama wako salama na mbona hakuna taa, kisha akasema hapendi kuwaharakisha lakini wenzao wameshafika ofisini kule na wanangoja.

"Tunakuja, Bi Trudy," Lucinda aliita.

"Kuna kasoro mmeiona? Kama ipo niambieni sasa hivi, tusije tukalaumiana."

Lucinda alitazama boksi la umeme, bomba, kuta zilizopakwa rangi mpya. Hapakuwa na pa kurudi. Kwenye chumba chake cha kulala cha jijini, saa hiyo, mwanamke mjamzito alikuwa akiamua kitanda cha mtoto kikae wapi.

"Nyumba haina neno," alisema. "Tupe dakika mbili."

Hatua za Bi Trudy zilirudi nje. Lucinda alisogea, akakaa kwenye ngazi karibu na mumewe. Ngazi ilikuwa nyembamba na wao si wembamba tena, ikabidi wabanane. Alikuwa bado na hasira. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hasira yenyewe ilikuwa ikimponyoka. Alifikiri juu ya miezi yote aliyosimama katika bustani za watu akisikiliza waya, na kwamba hata siku moja hakuwahi kumwuliza swali ambalo mtu angeliuliza kwanza.

"Unaliaje?" aliuliza.

Harlan aligeuka kumtazama. "Nini?"

"Huo mlio. Unaliaje?"

 Harlan alisema ni mwembamba. Alisema uko juu. Alisema ni kama treni inapopiga breki kuingia kituoni, ile sehemu ya mwisho kabisa kabla haijasimama, isipokuwa haisimami. Alitafuta neno jingine akalikosa, na Lucinda aliona kwamba mumewe, ambaye aliwahi kumwigiza kila mtu aliyepanda treni yake, hajawahi kujaribu kumwigizia mtu kitu hiki.

Lucinda alikohoa kusafisha koo. Akaanza kutoa sauti, mdomo umefungwa, kutoka puani.

"Juu zaidi," Harlan alisema.

Alipandisha.

"Bado. Juu."

Alipandisha mpaka sauti ikakwaruza, sauti ya mwanamke mwenye umri wake anayepanda mahali asipopafika tangu usichana. Harlan alikuwa ameinamisha kichwa upande, macho ameyafumba, vilevile alivyosimama kwenye nyasi za watu wote wale. Kisha mkono wake ukauvamia mkono wa Lucinda na kuubana.

"Hapo," alisema. "Hapo hapo. Ndio huo."

Basi Lucinda aliushikilia. Ulikuwa mbaya, mkali, unachoma nyuma ya meno, na alielewa kikombe cha chai, na kicheko cha Bernadine, na sahani iliyobebwa kupelekwa chumba cha chini. Aliushikilia mpaka kifua kikamuuma na machozi yakamtoka, mpaka pumzi ikamwishia, akanyamaza. Chumba kilikuwa kimya kabisa.

"Umeisha?" aliuliza akihema.

"Kwako umeisha," Harlan alisema.

Nje Bi Trudy alipiga honi. Lucinda alivuta pumzi, akaanza tena.